Buildroot na Mahitaji Yake: Tathmini kwa Anayetaka Kujenga Linux ya Kifaa Kidogo

Buildroot ni mfumo wa kujengea Linux ya vifaa vidogo: ruta, kamera za ulinzi, mashine za kupimia, na bodi kama Raspberry Pi na BeagleBone. Unaieleza aina ya prosesa na programu unazozitaka, nayo inapakua msimbo chanzo wa kila kimoja, inaujenga, kisha inakukabidhi faili lililo tayari kuandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu kile inachotoa mwishoni. Tathmini hii inaangalia kile inachokidai mwanzoni, yaani programu zinazopaswa kuwepo kwenye kompyuta yako kabla ya amri ya kwanza, kwa sababu wengi wanaoiacha kazi ya namna hii huiacha katika hatua hiyo, kabla hawajaona chochote kikijengwa. Hukumu yangu naitoa mapema: katika mifumo mikubwa ya aina hii, Buildroot ndiyo yenye madai machache na ndiyo inayoyataja kwa uwazi zaidi, ingawa yapo mambo ambayo orodha yake imeyanyamazia, na kwa mtu anayenunua bando la intaneti kwa gigabaiti mambo hayo si madogo.

Historia yake inaeleza kwa kiasi fulani uchache huo. Ilianzishwa mwaka 2001 na watengenezaji wa uClibc, maktaba ndogo ya lugha ya C, waliohitaji njia nyepesi ya kuijaribu kazi yao pamoja na BusyBox, programu moja inayotoa amri nyingi za mfumo mzima. Tangu mwaka 2009 msimamizi wake mkuu ni Peter Korsgaard, na toleo jipya hutoka kila baada ya miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mradi uliozaliwa kwa ajili ya kupima vitu vidogo umeendelea kuepuka kutegemea vitu vingi. Kiini chake ni mafaili ya make, zana inayoendesha hatua za ujenzi, pamoja na mfumo ule ule wa usanidi unaotumiwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kwa hiyo aliyewahi kusanidi kerneli hatakutana na menyu ngeni.

Orodha ya lazima iliyomo katika mwongozo wake inajaa nusu ukurasa tu. Inataka which, sed, make, binutils, diffutils, gcc na g++, bash, patch, gzip, bzip2, perl, tar, cpio, unzip, rsync, file, bc, findutils, awk, na wget ya kupakulia. Anayetumia Debian au Ubuntu anaongeza kifurushi cha build-essential. Ukiichunguza utaona kwamba sehemu kubwa tayari imo ndani ya Linux yoyote ya kawaida, na kwa mtumiaji wa Ubuntu mpya kabisa kinachobaki kinatoshea katika amri moja:

sudo apt install build-essential bc cpio rsync unzip file wget git libncurses-dev

Vile viwili vya mwisho, git na libncurses-dev, havimo katika orodha ya lazima, lakini nimeviweka makusudi. Bila maktaba ya ncurses huwezi kufungua menyu ya make menuconfig, na sioni mtu akifanya kazi na Buildroot kwa siku nyingi bila menyu hiyo. Git nayo itadaiwa pale programu mojawapo uliyoichagua inapochukuliwa moja kwa moja kutoka hazina yake ya msimbo.

Kinachonivutia zaidi katika orodha hiyo ni umri wa matoleo yanayokubaliwa. Make inatakiwa iwe 3.81 au zaidi, na toleo hilo ni la mwaka 2006. Perl inatakiwa iwe 5.8.7, ya mwaka 2005. Kwa gcc, yaani kompaila, mwongozo wa miaka ya karibuni unakubali kuanzia 4.8, iliyotoka mwaka 2013. Maana yake ni kwamba kompyuta ya ofisini ambayo haijasasishwa kwa miaka mingi, au ile ya maabara ya chuo ambayo mwanafunzi hana ruhusa ya kubadilisha mfumo endeshi wake, bado inaweza kujenga Linux ya kisasa kwa ajili ya bodi ya kisasa. Kulinda uwezo huo kunawataka watunzaji wakatae kila mara kishawishi cha kutumia kitu kipya kwa sababu tu kipo, na kwa hilo wanastahili sifa.

Hakuna pia kilichowekwa humo kwa mapambo, na anayejua kazi ya kila kimoja hatashangaa kikidaiwa. Bc, kikokotoo kidogo ambacho watu wengi hawajawahi kukiita, inahitajika kwa sababu kerneli huitumia kukokotoa thamani fulani za saa wakati inajengwa. Cpio hufunga mfumo wa mafaili unaopakiwa kwenye kumbukumbu wakati kifaa kinapowaka. Rsync hunakili mafaili yako mwenyewe juu ya mfumo uliojengwa. File ina sharti la pekee: ni lazima iwe kwenye /usr/bin/file hasa, kwa kuwa hati nyingi za usanidi zilizotokana na libtool, zana ya kujengea maktaba, zinaiita kwa anwani hiyo na hazitafuti kwingine.

Uzuri halisi, hata hivyo, uko kwenye ukaguzi. Kabla ya kujenga chochote Buildroot huendesha hati inayopitia mahitaji haya moja baada ya jingine, na pale inapokuta pengo inasimama na kukutajia kilichokosekana. Haikuachi ujenge kwa saa mbili ndipo ukutane na ujumbe wa hitilafu usioeleweka katikati ya kifurushi cha arobaini. Ukaguzi huo hauishii kwenye kuuliza kama programu ipo. Unapima toleo la kompaila. Unaangalia kama LD_LIBRARY_PATH, kigeu kinachotaja folda za kutafutia maktaba, inaelekeza kwenye folda unamofanyia kazi, jambo ambalo huharibu ujenzi kimyakimya, na ukikuta hivyo unakataa kuendelea. Unapima vilevile ukamilifu wa Perl, kwani Fedora na jamaa zake huigawa lugha hiyo katika vifurushi vidogo vingi, na mtu anaweza kuwa na Perl inayojibu vizuri kwenye teminali lakini isiyo na moduli kama Data::Dumper, ExtUtils::MakeMaker au Thread::Queue. Moduli inayokosekana hutajwa kwa jina, nawe unaisakinisha na kuendelea.

Kuna ukaguzi mmoja unaostahili maelezo marefu kwa sababu unawagusa watu wengi sana wa huku kwetu, ambao kompyuta zao ni za Windows na Linux wanaipata kupitia WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Buildroot haikubali kigeu cha PATH, yaani orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, chenye nafasi ndani yake. Kwa kawaida WSL huchukua folda zote zilizomo katika PATH ya Windows na kuziunganisha na zile za Linux, na miongoni mwake haikosi ile ya Program Files, ambayo jina lake lina nafasi katikati. Matokeo yake ni kwamba mtu anasakinisha kila kifurushi kilichotajwa, anaandika make, na anakataliwa kwa sababu ya folda ambayo hakujua kwamba inahusika. Ujumbe wenyewe unasema waziwazi kwamba tatizo ni nafasi zilizomo katika PATH, ila hausemi zimetoka wapi. Dawa ni kufungua faili la /etc/wsl.conf, kuandika appendWindowsPath=false chini ya kichwa cha [interop], kisha kuizima WSL kwa amri ya wsl --shutdown na kuiwasha tena. Fanyia kazi pia ndani ya mfumo wa mafaili wa Linux wenyewe, yaani kwenye folda yako ya nyumbani, na uepuke kujenga chini ya /mnt/c, ambako kila kitu kinakwenda polepole na ambako herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili hazitofautishwi kama Linux inavyotarajia. Mwongozo ungewafaa watu wengi zaidi kama maelezo haya yangekaa kando ya orodha ya mahitaji.

Ruhusa za msimamizi wa kompyuta hazihitajiki katika ujenzi wenyewe. Sudo inatumika mara moja, wakati wa kusakinisha mahitaji, na baada ya hapo kila kitu hufanyika kwa akaunti ya kawaida, hata uundaji wa mafaili ambayo ndani ya kifaa yatamilikiwa na root, akaunti ya msimamizi, kwa sababu Buildroot hutumia fakeroot, programu inayoigiza mamlaka ya root, kulitimiza hilo. Mwongozo unasisitiza kwamba usijenge ukiwa root, nami nauunga mkono kwa nguvu zote: hati moja mbovu ya usakinishaji ikiendeshwa kwa mamlaka hayo inaweza kuandika juu ya programu za kompyuta yako badala ya zile za kifaa.

Orodha inabaki fupi kwa sababu nyingine ambayo mtumiaji haioni mara moja. Zana nyingi Buildroot hujijengea yenyewe. Ikikuta tar, xz au CMake ya kompyuta yako haipo au imepitwa na wakati, inapakua msimbo wake na kuijenga pembeni, ndani ya folda ya output/host, bila kuigusa ile uliyonayo. Kwa namna hiyo watu wawili wenye kompyuta tofauti hupata matokeo yanayokaribiana sana, na hakuna anayeambiwa abadilishe mfumo wake ili amfuate mwenzake. Gharama ya utaratibu huu ni muda, na zaidi ya muda ni data.

Intaneti inayohitajika haikupimwa popote katika orodha ya mahitaji, ingawa kwangu ndilo hitaji kubwa kuliko yote. Msimbo wa kerneli ya Linux ya matoleo ya karibuni una ukubwa wa takriban megabaiti 140 hata baada ya kubanwa kwa xz. GCC inakaribia megabaiti 90. BusyBox haifiki megabaiti 3. Kwa hiyo hata mfumo mdogo kabisa unaanza na mamia ya megabaiti, na kila programu unayoiweka alama kwenye menyu huongeza yake pamoja na ya maktaba inazozitegemea. Upakuaji ukikatika njiani, kwa kawaida Buildroot haiendelei pale ulipoishia bali hulianza faili hilo upya. Kwenye mtandao wa simu unaokatika mara kwa mara, faili la kerneli linaweza kupakuliwa karibu lote mara kadhaa na lisifike.

Njia ya kulikwepa hilo ipo, na ni nzuri. Lipakue faili hilo mwenyewe kwa wget -c, inayoendelea ilipoishia, kisha uliweke kwenye folda ya dl chini ya jina la kifurushi chake. Buildroot italikuta, italilinganisha na alama ya uhakiki iliyohifadhiwa kwa ajili ya kifurushi hicho, na ikiridhika itaendelea bila kwenda mtandaoni. Ni vizuri zaidi kuanza na amri ya make source mara tu baada ya kusanidi: inapakua kila kitu kitakachohitajika bila kujenga chochote, na baada yake unaweza kujenga bila intaneti kabisa. Mtu anaweza kuifanya hatua hii mahali penye mtandao mzuri, kwa mfano ofisini au chuoni, halafu akajenga nyumbani usiku kucha. Na palipo na darasa au kikundi, kigeu cha BR2_DL_DIR huruhusu folda ya vilivyopakuliwa iwe mahali pamoja kwa wote, au inakiliwe kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hivyo kundi zima linalipia bando mara moja. Mkufunzi anayetaka kufundisha kwa Buildroot ajiandae kwa namna hii kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, kwa kuwa wanafunzi ishirini wakiandika make kwa pamoja kwenye ruta moja hawatafika popote.

Seti ya kompaila ndiyo sehemu inayokula muda mwingi zaidi wa prosesa. Unaweza kuepuka kuijenga kwa kuchagua iliyokwisha kujengwa, na menyu inakupa zile zinazotolewa na Bootlin, kampuni ya Ufaransa ambayo wahandisi wake ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa mradi huu. Hapo sharti jipya linaingia: seti hizo zimetengenezwa kuendeshwa kwenye kompyuta za x86-64, na zipo seti nyingine za zamani, za watengenezaji wengine, zinazodai maktaba za biti 32 hata kwenye kompyuta ya biti 64. Kwa bahati nzuri hilo nalo hukaguliwa mapema.

Nafasi ya diski na kiasi cha RAM havikupewa tarakimu yoyote katika sura ya mahitaji, na hili nalihesabu kuwa upungufu wa kweli. Inaeleweka kwamba jibu hutegemea unachojenga, lakini anayeanza anahitaji pa kuanzia. Kwa mfumo mdogo wenye kerneli, BusyBox na programu chache, gigabaiti 15 zilizo wazi zinatosha bila wasiwasi. Kwa RAM, gigabaiti 4 zinafaa ikiwa utapunguza kazi zinazokwenda kwa pamoja, kwani Buildroot huangalia idadi ya viini vya prosesa bila kuangalia kumbukumbu; weka BR2_JLEVEL kuwa 2 na kompyuta itapumua. Ukiingia kwenye vitu kama Qt WebEngine, ambayo ndani yake imebeba Chromium, hesabu hizi zote hazikufai tena. Wanaokimbilia diski ya nje ili kupata nafasi wahakikishe imefomatiwa kwa ext4 au mfumo mwingine wa Linux, kwa maana FAT32 na exFAT havina viungo vya ishara (symlink) wala ruhusa za Unix, na ujenzi utavunjika humo.

Yocto, mshindani mkuu aliyetangazwa na Linux Foundation mwaka 2010, ametaja tarakimu hizo, na ni nzito. Mwongozo wa toleo lake la 5.0, Scarthgap, la Aprili 2024, unataka angalau gigabaiti 90 za diski na gigabaiti 8 za RAM, pamoja na Python 3.8, tar 1.28, make 4.0 na gcc 8.0 au zaidi. Orodha yake ya vifurushi vya Ubuntu inajumuisha chrpath, diffstat, texinfo, socat, zstd na moduli kadhaa za Python, na inataka lugha ya mfumo iwe en_US.UTF-8. Juu ya hayo ina orodha ya mifumo endeshi iliyofanyiwa majaribio, na ukitumia usiokuwemo unapewa onyo. Wanaotumia Ubuntu 24.04 wamekutana na kikwazo kingine, kwa sababu ulinzi wa AppArmor katika toleo hilo huzuia kitu ambacho BitBake, injini ya ujenzi ya Yocto, inakihitaji, na ni lazima kirekebishwe kwa mkono. Sisemi kwamba Yocto ni mbaya. Kampuni yenye bidhaa kumi na timu ya wahandisi itayalipa madai hayo na kupata mfumo unaotunza vizuri tofauti za bidhaa zake. Lakini mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato ya kawaida na bodi moja mezani anaombwa rasilimali nyingi mno kabla hajajua kama kazi yenyewe anaipenda.

Mahitaji ya hiari ya Buildroot nayapitia haraka. Python na graphviz zinahitajika kwa anayetaka michoro ya utegemezi wa vifurushi, na matplotlib kwa michoro ya muda wa ujenzi. Asciidoc na wenzake ni kwa anayejenga mwongozo wenyewe. Mercurial, Subversion na CVS ni kwa programu chache za zamani. Unaweza kufanya kazi muda mrefu bila kugusa chochote kati ya hivi isipokuwa Python.

Umeme ukikatika katikati ya ujenzi, Buildroot inajua ilipofikia. Kila hatua ya kila kifurushi huwekewa alama inapokamilika, nawe ukiandika make tena kazi inaendelea kuanzia hapo. Kama kifurushi kilichokuwa mkononi kimeharibika, amri ya dirclean ikitanguliwa na jina lake hukifuta hicho pekee ili kijengwe upya. Kwa upande mwingine, Buildroot haifuatilii mabadiliko ya usanidi kwa ukamilifu. Ukiondoa kifurushi kwenye menyu, mafaili yake hubaki kwenye mfumo uliokwisha kujengwa mpaka uandike make clean na kuanza upya. Panga muda wako ukilijua hilo, hasa kama umechagua kujenga kompaila yako mwenyewe.

Kwa anayetaka kuthibitisha kwamba mahitaji yote yamekamilika kabla ya kununua bodi yoyote, ushauri wangu ni make qemu_x86_64_defconfig na kisha make. Usanidi huu hujenga pamoja na QEMU yake, programu inayoigiza kompyuta nyingine, hivyo upakuaji na muda huongezeka, lakini mwishoni utakuta hati ya start-qemu.sh ndani ya output/images, na ukiiendesha Linux uliyoijenga inawaka kwenye skrini ile ile. Chukua toleo la Februari la mwaka husika, kwa kuwa tangu mwaka 2017 hilo ndilo linalopewa masahihisho kwa muda mrefu. Matoleo ya Mei, Agosti na Novemba waachie wanaohitaji bodi au programu iliyoingizwa karibuni.